Mguu wa Kulia Umelala

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia moyoni. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Na viatu vya kazini, umepata vinavyokutosha au bado unajibana kwenye vile ulivyopewa? Mlinzi anayesimama mlangoni kutwa nzima akiidharau miguu yake anajitafutia balaa. Siku hizi naijua miguu kuliko zamani, kwa hiyo nisikilize.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia, ila mdomo haujatulia. Bomba la uani limetengenezwa, halivuji tena. Mkeo ni mzima, amenenepa kidogo na kunawiri.

Hilo la mkeo ndilo lililonikalisha kuandika. Uliniuliza kama umwite huko sasa, kwa kuwa chumba kiko tayari, au usubiri mwaka uishe. Umeniuliza mimi kwa sababu Mama ataanza kulia na mkeo atajibu, "Mtakavyoona." Ushauri wangu ni huu: mwite. Mwite upesi. Sababu nitakueleza jinsi zilivyo.

Unaijua kazi yangu pale saluni: kuosha miguu, kukata kucha, kusugua magaga mpaka kisigino king'ae. Wateja wananiita Mama Visigino na sijawahi kununa. Sasa mwenye saluni ameongeza kukanda miguu kwa mtindo wa Kithai. Amenunua kiti cha kuegemea, laini, amekiweka kwenye kona yenye pazia, na amemleta mwanamke aliyejifunza ufundi huo kwa Wathai wenyewe alipokuwa akifanya kazi hotelini. Tunamwita Mwalimu Polepole, kwa sababu neno lake ndilo hilo. Kiti ni kimoja, na mbele yake kuna kigoda kimoja cha mkandaji. Kigoda hicho nimekitamani tangu siku kiliposhushwa kwenye gari. Magoti yangu yamechoka kupiga sakafu.

Mwalimu alitaka kila mwanafunzi aje na mtu wa kumfanyia mazoezi. Nikamchukua mkeo. Nilimchukua kwa ajili ya miguu yake tu, nielewe vizuri. Kazi yake ilikuwa kuegemea kitini na kunyamaza.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaosha miguu, unakausha, mmoja unaufunga kwa taulo usipate baridi wakati unashughulikia mwingine. Unapaka krimu. Unasukuma kwa kidole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni, halafu unashika kijiti butu cha mbao na kubonyeza unyayo, sehemu baada ya sehemu, bila kugusa mfupa. Unamalizia kwenye shavu la mguu, mpaka chini ya goti. Nilikariri yote. Ukinitikisa usingizini nitakutajia.

Tatizo ni kwamba Mwalimu hataki uangalie. Anafunika mguu kwa taulo na kukuambia ufanye kazi chini yake, mikono ijitafutie njia. Mimi nimelishwa na macho yangu maisha yote. Nikifunikiwa mguu nakuwa kama mpishi aliyenyimwa kufunua sufuria.

Siku moja Mwalimu alichoka na mimi. Akamwambia mkeo ashuke kitini, mimi nikae. Mkeo alikuwa hajawahi kushika kijiti. Alifumba macho, akaushika mguu wangu, na kusema kweli nilijikuta nimelegea kama ugali usioiva.

"Nani amekufundisha?" Mwalimu akamuuliza.

"Wifi," akajibu. "Si ndiye ananikanda kila siku? Pale aliponiumiza nimepapita. Pale aliponistarehesha nimerudia."

Mwalimu akacheka mpaka akashika pazia. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo naye amekuwa mwanafunzi, na kila saa ni "mwangalieni wifi, mfuateni wifi". Hata Mama, ambaye miguu yake nimeiosha miaka yote, sasa akiketi anauliza, "Mke wa mwanangu yuko wapi?" Kana kwamba mimi ni wa jirani.

Ni wivu, sikufichi. Unanichoma hapa chini ya mbavu, hasa anapopita akiimba. Jumanne mwenye saluni mwenyewe atakaa kitini, tumkande mmoja baada ya mwingine, na achague wa kukalia kigoda. Barua hii ingekuwa na mabawa ningeirusha leo. Mwite.

Alhamisi jioni.

Barua haikutumwa. Naendelea hapa hapa, na ya juu sifuti.

Jumanne nilianza mimi. Nilikwenda vizuri, polepole kama Mwalimu anavyotaka, mpaka taulo likateleza. Mdogo wangu, mwenye saluni ana magaga! Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni, ukatoa jiwe, ukaanza kusugua. Nilishtuka aliporuka kitini.

"We Mama Visigino! Nimekuja kupumzika au kusuguliwa kama sufuria?"

Saluni nzima ikaangua kicheko, hata waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele, ambao hawasikii kitu.

Akafuata mkeo. Kabla hajafika kwenye kijiti, mwenye saluni alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Alipoamka alisema neno moja tu: "Huyu."

Mkeo akasimama, akajifuta mikono. "Mama, nashukuru. Lakini aliyenileta hapa ni wifi. Miguu ni miwili. Niachie wa kulia, wa kushoto awe nao yeye, na mteja atatoka mapema. La sivyo, sikai."

Mwenye saluni akafikiria foleni yake, akakubali. Wema huo wa mkeo ndio ulioniudhi kupita yote. Angekuwa na kiburi ningejua pa kumshika.

Basi vigoda sasa ni viwili, tumeketi bega kwa bega. Jana alikuja nesi mmoja, mtu wa kusimama wodini kutwa. Tulipofika katikati akasema, macho yamefumbwa, "Jamani, mguu wa kulia umelala. Wa kushoto bado uko kazini."

Nikaomba tubadilishane pande. Muda si muda nesi akasema tena, "Haya, wa kushoto nao umelala. Ila wa kulia mmeuamsha."

Mkeo aliuma midomo asicheke. Baadaye, wakati tunakunja taulo, akanong'ona, "Wifi, fumba macho. Taulo si adui yako." Leo asubuhi nilifumba. Mteja hakulala, ila alipiga miayo, na ilianzia upande wangu. Nina hakika.

Kwa hiyo nimebadilisha ushauri. Usimwite kwanza. Nimemuuliza mwenyewe, na safari hii hakusema "mtakavyoona". Alisema hataki kuja huko kukaa ndani akikungoja. Anataka kuja na kazi mikononi, na Mwalimu bado hajamaliza kutufundisha. Hiyo ndiyo sababu yake, na ni nzuri. Yangu ni nyingine: akiondoka sasa, nitabaki na miguu yote miwili, na sitajua kamwe kama ningemfikia. Nataka mguu mmoja tu ulale upande wangu wakati wa kwake uko macho. Ukishalala, nitamfungia mizigo mimi mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Jana tulimkanda sote wawili, akasema yote imelala sawasawa, lakini alikuwa anatuchungulia, kwa hiyo siihesabu. Mkeo anasema uvae soksi. Mjomba na binamu zako wote wanakupa salamu. Wasalimie na wenzako wa zamu.

Mungu akulinde wewe unayelinda wengine, na akurudishe kwetu ukitembea vizuri.

Wako akupendaye,
dada yako mkubwa,
Mama Visigino, upande wa kushoto.