Bibi Amegundua Mbuzi wa Tamthilia Amepakwa Rangi

Mpendwa Shangazi Nangiro, ejok! Naomba msaada wako na nauomba kabla ya Jumamosi, na ukiona mwandiko wangu unarukaruka ujue furaha na woga vimenishika mkono mmoja. Mimi ni Akidor, nina miaka ishirini, naishi hapa Lodwar na nyanya yangu aliyenilea tangu mama afariki, na sisi tunamwita Ata. Bila shaka umeiona Mabinti wa Akamu, ile tamthilia ya wasichana wa shule wanaogundua kwamba ni wachawi kiangazi, yaani hiyo akamu, kikikolea, maana hapa kwetu nani hajaiona, hata kwa jirani Adome mwenye TV ya sola watu wanajaa hadi mlangoni kila Jumatano. Basi Shangazi, mimi nilifanya kazi humo! Mimi ndiye niliyetunza vifaa na wanyama, na siri za nyuma ya kamera ninazo zote.

Wacha nikupe mbili tatu. Ule moshi wa uchawi ni unga wa ngano na majivu, na siku ya kwanza tuliumwaga mwingi mno mpaka mpiga kamera akapiga chafya dakika kumi. Radi ni bati la choo linalotikiswa na wanaume wawili. Benita, yule msichana wa Kakuma anayeigiza mchawi mkuu, anapopaa juu ya mto Tarach amelala kwa tumbo juu ya stuli, na anacheka, ndiyo maana hawamwonyeshi uso. Mashabiki wana grupu la WhatsApp ambamo wanahesabu makosa yetu, wamefika ishirini na tatu, na linalowachekesha zaidi ni namba kumi na tisa, sehemu ya sita, pale Benita amekilaani kijiji kisibaki na kiumbe hai hata mmoja, analia peke yake kwenye bomba la maji, halafu nyuma yake anapita mbuzi na vitoto viwili, taratibu, kana kwamba laana haiwahusu. Dairekta wetu, Kiprop, alikataa kuikata kwa sababu Benita alikuwa amelia vizuri. Mimi sikuona hata, siku hiyo nilikuwa nyuma ya gari naganga rangi iliyokuwa inayeyuka na jua. Na hapo kwenye rangi, Shangazi, ndipo dhambi yangu ilipo.

Mchawi wetu hageuki paka, anageuka mbuzi. Alihitajika mbuzi mtulivu, na Ata ana mbuzi, au niseme alikuwa naye, anaitwa Nakori kwa sababu ana mabaka kama ya twiga, mpole, ukimwonyesha maganda ya mgunga anakutazama bila kupepesa. Ata alikuwa ameniambia, "Hii ikizaa, watoto ni yako, uanze na wewe kuwa mtu wa mifugo." Nilijua nikisema neno wachawi hatanipa, kwa hiyo nikamdanganya kwamba nampeleka kwa mjomba kule Kataboi akapate malisho mazuri maana tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, kumbe nampeleka Kakuma kwenye kamera. Siku mbili za kwanza alifanya kazi kuliko waigizaji! Siku ya tatu Benita alikuwa anavishwa yale macho ya kijani ya plastiki, akaniita, "Akidor, kuya, kuya uangalie!" nikafunga kamba kwenye mguu wa meza nikakimbia, na niliporudi nilikuta meza na kamba iliyotafunwa tu. Tulimtafuta siku mbili nzima. Kiprop akasema, "Mbuzi ni mbuzi bana," akanunua mwingine sokoni, na Céline wa mekapu akamchora mabaka kwa hina na rangi ya viatu, na kwa kweli alimpatia, dunia nzima haijagundua, hata lile grupu la makosa halijagundua.

Ata amegundua. Sehemu ya kwanza alipomwona Nakori alipiga vigelegele kwa Adome mpaka watu wakageuka, kisha akanigeukia akanitazama. Sehemu ya tatu alisimama akaweka kidole kwenye kioo. "Hii si mbuzi yangu. Hii wamepaka. Mbuzi yangu anatembea akitanguliza bega la kushoto." Watu walicheka, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe. Sehemu ya sita akasimama tena kwa kelele, "Huyo! Huyo hapo!" na wakati huo hata mbuzi wa bandia hayupo kwenye picha, ni Benita tu analia, nikamvuta shuka akae na nikajiambia uzee umeanza kumchanganya. Tangu siku hiyo kila asubuhi akinywa chai ananiuliza kwa upole, "Mbuzi yangu anaendeleaje huko Kataboi?" nami najibu anaendelea vizuri.

Sasa Jumamosi sehemu ya mwisho inaonyeshwa kwenye skrini kubwa hapa Lodwar, waigizaji wote wanakuja, na mimi, mimi Akidor, nimepewa kipaza sauti nijibu maswali ya watu kuhusu siri za nyuma ya kamera! Sijawahi kufurahi hivi maishani. Ata amesema atakaa mstari wa mbele na ana swali moja. Nilitia sahihi karatasi kwamba sitatoa siri za tamthilia. Nikisema ukweli nitamvunja moyo na huenda nikapoteza kazi ya msimu wa pili, nikinyamaza atasimama mbele ya mji mzima na watu watamcheka tena. Nifanyeje, Shangazi?

Akidor, Lodwar

SHANGAZI NANGIRO ANAJIBU

Ejok nooi, Akidor, na kaa chini kwanza uache kurukaruka. Nimebadilisha jina lako na la bibi yako, lakini mbuzi nimeshindwa kumbadilisha. Ata akisomewa ukurasa huu atamjua mnyama wake kabla ya aya kuisha. Kwa hiyo leo hii unaongea naye, si kesho.

Nakupongeza kwa kazi. Mimi pia ni wa kila Jumatano, na lile bati la choo umenikata nalo maini, maana ile radi nilikuwa naiogopa kwa dhati. Lakini aibu, mwanangu! Umechukua mbuzi mwenye mimba wa mwanamke mzee, ukamfunga kwenye meza, ukaenda kutazama macho ya plastiki. Kisha ukakaa katikati ya watu wanaomcheka aliyekulea, ukacheka nao. Kupoteza mbuzi ni ajali, inampata kila mtu. Kile kicheko hakikuwa ajali, na ndicho utakachokiombea msamaha kwanza.

Unaogopa kumvunja moyo? Moyo wake ulivunjika sehemu ya tatu. Anapokuuliza habari za Kataboi haulizi habari za mbuzi, anakupa mlango kila asubuhi na wewe unaufunga. Na ile karatasi uliyotia sahihi inalinda mwisho wa hadithi, hailindi uongo wako kwa bibi yako. Usijifiche nyuma yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama jikoni nikapiga kelele peke yangu. Wewe unasema uzee umemchanganya Ata. Yeye ndiye pekee, kwa mji mzima na grupu zima la mashabiki, aliyetambua mbuzi aliyepakwa rangi. Mtu mwenye macho hayo alisimama sehemu ya sita akasema "Huyo hapo!" na wewe ukamvuta shuka. Alikuwa anamwonyesha nani, Akidor? Soma kosa namba kumi na tisa, uliloliandika kwa mkono wako mwenyewe. Mbuzi alipita nyuma ya Benita, kwenye bomba la maji la Kakuma, na vitoto viwili. Wewe siku hiyo uko nyuma ya gari unampaka wa bandia rangi, na wa kweli anapita hatua chache kutoka kwako. Ata hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amempata mbuzi wake, na hakuna aliyemsikiliza.

Siwezi kukuahidi kwamba bado yuko pale. Miezi imepita. Lakini alikuwa hai, amezaa, na anapajua penye maji, na mnyama wa namna hiyo ana mtu anayemfungulia zizi jioni.

Fanya hivi. Leo kaa chini mbele ya Ata useme, "Nilifunga kamba vibaya nikakimbia, kisha nikakudanganya." Usianze na Kiprop, usianze na Céline. Akikutukana, kaa hapo hapo. Ukimaliza mpigie Kiprop simu umwambie anadaiwa gari la siku moja, maana si kweli kwamba mbuzi ni mbuzi, kama alivyodhani. Alhamisi mwende Kakuma, wewe na Ata, na picha ya lile bomba kwenye simu. Mwanze kwa mzee wa mtaa, msiingie kwenye maboma ya watu mkidai. Alama ya mwenye mbuzi iliyokatwa sikioni Ata anaijua na itatosha kuwa ushahidi. Aliyemtunza mpelekeeni sukari na majani ya chai, na mmshukuru. Vitoto viwili vile ni vyako, bibi yako alikuahidi, kwa hiyo ni wewe utakayemwachia mtu huyo kimoja, ukipenda usipende.

Mkimkosa, mmerudi nyumbani pamoja na hakuna tena la kuficha.

Jumamosi Ata akae mstari wa mbele kama alivyosema. Na shabiki yeyote akiuliza kuhusu kosa namba kumi na tisa, usijibu wewe. Shuka jukwaani, mpe Ata kipaza sauti.