Barakoa Iliyomnyoa Mume Wangu

Jumatano. Hapa Shume ukungu umekaa mpaka saa tano, nguo nilizoanika jana bado mbichi, na mimi nina wivu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nisije nikajizungusha.

Wivu wenyewe ni wa aibu. Namwonea wivu dada wa usalama pale kiwandani, na zaidi yake naionea wivu barakoa.

Baba Upendo, mume wangu, anaendesha msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao. Mimi ni fundi cherehani. Tangu aanze kazi ile, miaka kumi na moja sasa, mavazi yake ya kazi nimeshona mimi. Eproni ya jinzi kuukuu, mbele nimeongeza gunia. Glavu za turubai. Barakoa za kanga, matabaka mawili, na kamba za masikioni nilizipitisha cherehani mara tatu zisikatike. Wenzake walikuwa wanakuja kuagiza za kwao. Niseme ukweli, kichwa kilinivimba.

Maana nilikuwa nalinganisha na enzi za baba mkwe. Yeye alipasua mbao kiwandani humo humo kifua wazi, miguuni katambuga, kichwani kitambaa, masikioni hana kitu. Leo ukimpa shikamoo lazima usimame mbele yake akuone mdomo, la sivyo haitikii, na wageni wanadhani ana maringo. Basi nikimtazama mume wangu na gunia lake na kanga zangu, naona tumefika mbali.

Mwezi uliopita akaletwa Rehema, msichana wa Muheza, afisa usalama. Kaja na maboksi: kofia ngumu, miwani, vifunika masikio, buti zenye chuma mbele, na barakoa za mpira zenye vichujio viwili mashavuni. Vitu vyangu vyote vikakusanywa na kuwekwa pembeni.

Hilo ningelivumilia. Lakini barakoa ile haitaki ndevu.

Ndevu za Baba Upendo nimezipigia kelele tangu uchumba. Nimebembeleza, nimenuna, nimemwambia zinanichoma. Jibu lake siku zote ni moja: "Mama Upendo, uso ni wangu." Rehema kamwambia mara moja tu kwamba ndevu zinaacha mwanya vumbi likapita, kesho yake mtu karudi na kidevu kama cha kijana wa kipaimara.

Nilicheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Jana ndiyo ikazidi. Anakula huku anasimulia, hana wasiwasi wowote, kwamba bado hajui kujinyoa vizuri na Rehema huwakagua kila asubuhi. "Leo kanigusa hapa chini ya taya, akasema, baba, hapa umeacha." Akanionyesha na mahali penyewe.

Kidole cha mwanamke mwingine kwenye kidevu cha mume wangu. Na yeye anacheka!

Kwa hiyo leo nikambebea viazi kiwandani, ingawa chakula chake alikuwa amebeba. Nilivaa kitenge cha kanisani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu.

Rehema akanipa shikamoo. Hata hiyo iliniuma, sijafika huko. Kucha zake zimejaa grisi, macho yamechoka, na alinisogezea benchi kabla sijaomba. Chini ya meza yake nikaliona boksi lenye barakoa zangu, zimekunjwa vizuri. Nilitamani angekuwa amezitupa, ningepata sababu ya kumchukia.

"Kumbe wewe ndiye unayezishona, mama?" akaniuliza. "Mshono mzuri kweli. Tatizo ni kitambaa, hakizuii vumbi laini."

Kila Jumamosi nilipozifua, maji yalitoka ya njano, nami nikafurahi kwamba zimekamata vumbi. Lililopita lilikwenda wapi, sikuwahi kujiuliza.

Kengele ya mchana ikalia. Baba Upendo akatoka amejaa unga wa mbao mpaka shingoni. Akavua barakoa, na kuzunguka pua na mdomo palikuwa pasafi kabisa. Akaniona, akashtuka.

"Mama Upendo, kulikoni? Upendo hajambo?"

Hakukohoa.

Miaka yote hii mume wangu anakohoa kwanza ndipo anaongea. Nilishazoea, nikaona ndivyo alivyo. Na kumbe mwezi mzima nimekazana kukitazama kidevu, sikusikia kwamba kikohozi kinapungua. Maneno yangu yote ya njiani yakaisha. Nikampa viazi, nikaondoka.

Nimekaa kwenye cherehani tangu nirudi na sijashona kitu. Nina hasira na kiwanda, ambacho kiliridhika na kanga zangu miaka kumi na moja kwa sababu hakikuzigharamia. Nina hasira na mimi mwenyewe zaidi, kwa zile sifa nilizokuwa nazipokea wakati mtu wangu anavuta vumbi.

Na bado wivu haujaisha. Hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa kijijini, ndiyo maana naliandika. Niliomba mume wangu awe salama, na nilitaka awe salama kwa mkono wangu. Amekuwa salama kwa mkono wa mwingine. Nashukuru, na inaniuma, vyote kwa pamoja.

Wakati wa kurudi nilipitia dukani nikanunua wembe mpya. Kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini, Baba Upendo atakaa kwenye kigoda pale mlangoni kwenye mwanga, na mimi ndiye nitakayemnyoa, mpaka chini ya taya.

Rehema akague anavyotaka. Lakini kwa macho tu.