Dirisha Sikulitaja

Malindi,
Ijumaa, 2 Januari 2026

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, ila mafua niliyofungia mwaka bado hayajaniaga. Nataraji magoti yako yanakuachia usali umesimama, na kwamba ile dawa ya kuchua hujampa jirani.

Barua hii nampa Bi Mbeyu akija kutoka huko kuuza madafu yake, kwa sababu juzi nilipokupigia simu nikakutolea salamu ulinijibu, "Samaki leo hatutaki," ukakata. Ndipo nikakumbuka ulivyosema kwamba masikio yameanza kukuaga lakini macho yapo. Basi tuandikiane kama zamani nilipokuwa chuoni.

Mwaka wao umeingia. Najua utasema wetu tuliuanza Muharram, wala sibishi. Lakini shuleni kila mwalimu amepewa shajara, na ukurasa wa kwanza umeandikwa "Malengo Yangu". Nilikaa nayo baada ya alfajiri nikaandika kumi na mawili: kuhifadhi Juzuu Amma yote, kufunga Jumatatu na Alhamisi, kuamka tahajudi kila usiku, kuacha sukari, kutembea hadi ufukweni kila asubuhi, kutowakaripia watoto wa darasa la nne, kujifunza Kiarabu cha kuzungumza, na mengine ambayo nikikutajia utachoka. Na ili nisilegee kama mwaka jana, yote nimeyawekea nadhiri. Nimeandika juu kwa wino mwekundu: Nadhiri Zangu za Mwaka.

Niombee dua.

Mwanao,
Widad


Takaungu,
10 Januari 2026

Mwanangu Widad,

Wa alaykumu salaam, na marahaba nyingi. Magoti ni yale yale. Nasali kwenye kiti, na Mola ananiona hapo hapo. Dawa nusu nimempa jirani, usinigombeze. Bi Mbeyu alipiga hodi mpaka akachoka, mwishowe akaipitisha barua yako dirishani ikaniangukia mapajani. Nilidhani ni popo.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilivaa buibui nikaburura mguu hadi kwa Ustadh Abdulqadir. Widad, nadhiri? Mtoto niliyemfunza mwenyewe kusoma hajui nadhiri ni nini na nia ni nini? Nia ni njia unayoishika. Ukichoka unapumzika, kesho unaendelea. Nadhiri ukishaitamka imekufunga, na wewe umejifunga kumi na mbili kwa asubuhi moja, tena kabla ya chai. Ustadh amecheka mpaka akavua miwani. Anasema kama uliandika tu kwa kutojua wala hukutamka, futa neno hilo, andika nia, na usirudie. Je, ulitamka? Nijibu.

Mdomo wako una haraka, mwanangu, umerithi wa baba yako. Kiapo chako cha zamani bado kinakufunga, na hicho hukukiandika kwa wino mwekundu. Siku tuliyomzika mama yenu ulisimama mbele ya mlango wa dada yako pale Dabaso ukasema, "Wallahi, kizingiti hiki sikikanyagi tena." Hafswa na wewe ni tumbo moja. Katika malengo yako yote nimemtafuta Hafswa, sikumwona.

Haba na haba hujaza kibaba. Kata hiyo orodha ubaki na moja au mawili. Tena liwepo lile unalolikwepa.

Shangazi yako,
Harusi


Malindi,
24 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta salama, na dirisha lilikuwa wazi. Mafua yamekwisha, alhamdulillahi. Sasa ni jua tu, na vumbi la chaki.

Sikutamka. Nimefuta ule wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka, kwa hivyo tulia. Hata nisingefuta, orodha ilikuwa inajifuta yenyewe. Sukari ilirudi siku ya nne, nyumbani kwa mwalimu mwenzangu Cindy, ambaye chai yake ni tamu kama asali, ukiikataa unamvunja moyo. Tahajudi niliamka mara tatu, mara mbili kati ya hizo nikasinzia kwenye sijda. Nimebaki na mawili: kufunga Jumatatu, na kutomkaripia mtoto mbele ya wenzake. Jumatatu tatu nimezifunga, na darasa la nne limenishinda mara moja tu. Ajabu ni kwamba nina furaha. Kumi na mawili yalikuwa yananilaza na majuto kila siku. Haya mawili yananilaza na shukrani.

La Hafswa ni gumu. Usidhani nimemtupa. Kiapo changu kilikuwa cha kizingiti, dirisha sikulitaja. Kila Idi nakwenda Dabaso, nasimama nje ya dirisha la jikoni na bakuli la halua. Yeye ananyoosha mikono kutoka ndani anapokea, kisha ananirudishia bakuli la Idi iliyopita likiwa na visheti. Tunapeana salamu, naondoka. Watoto wake nadhani wanaamini kwamba mama wadogo wote wanatembelea watu dirishani.

Lakini ndani siingii. Siku ile nilikuwa Machakos kwenye semina. Nilipiga simu nikiwa barabarani nikalia, nikasema nisubirini hadi magharibi tu, nimwone uso. Mlizika baada ya alasiri. Mimi nilifika jua halijazama, nikaonyeshwa udongo. Mama alikuwa anaishi kwa Hafswa, alikufia kwake, neno lilikuwa lake. Hakunisubiri, na mimi linaniuma mpaka leo. Na hata likiacha kuniuma, nimeapa kwa jina la Mungu. Nitavunjaje?

Umeniuliza mengi kuhusu mwaka wangu. Wako je? Nia yako wewe ni ipi?

Mwanao,
Widad


Takaungu,
14 Februari 2026

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Afya njema, minazi mizima, paka amezaa kwenye kapu la mikeka. Hizo ndizo habari nyepesi.

Jumamosi mbili Bi Mbeyu ameuliza kama nina barua, nami namwambia wino umekwisha. Wino ulikuwepo. Uliniuliza swali fupi, na jawabu lake nimelikalia miaka miwili. Nia yangu ya mwaka huu ni moja: nikwambie ukweli kabla Ramadhani haijaingia, na imebaki siku chache.

Hafswa alitaka kukusubiri. Alinijia mara tatu, nami nimekaa karibu na kitanda cha mama yako. Mara ya tatu alikuwa analia. Alisema, "Shangazi, Widad yuko njiani, magharibi si mbali." Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba siku ile, na wanaume wote walioshika jeneza walikuwa wananitazama mimi. Nikasema, "Maiti hangoji abiria." Neno hilo lilitoka mdomoni mwangu, Widad.

Nilijifunika sunna ya kuharakisha maziko. Ni sunna kweli, lakini magharibi isingekuwa dhambi. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Mama yako alikuwa wifi yangu miaka arubaini. Tulishona mkeka mmoja, yeye upande huu, mimi upande ule, tukisema watu mpaka midomo ikakauka. Siku ile alikuwa amenyamaza, nami sikuweza kukaa naye akiwa amenyamaza. Nilitaka waniondolee. Niliogopa, basi.

Ulipoapa pale mlangoni nilifungua mdomo niseme. Hafswa akanishika mkono akanong'ona, karibu kabisa na sikio, "Nyamaza, shangazi. Mimi nina mume na watoto. Wewe una Widad tu." Nikanyamaza. Alinibebea mzigo wangu, nami nikamwachia aubebe, kila Idi akipokea halua dirishani kama mgonjwa wa kuambukiza. Naona haya kuandika, lakini nimeandika.

Kuhusu kiapo, nimemuuliza Ustadh. Anasema aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora na atoe kafara. Kiapo cha kukata udugu si cha kushikiliwa. Lisha maskini kumi, uingie kwa dada yako kwa mguu wa kulia. Mimi usinihesabu katika hao kumi. Nina minazi yangu mitatu.

Ukinikasirikia utakuwa na haki.

Shangazi yako,
Harusi


Takaungu,
7 Machi 2026

Mwanangu Widad,

Assalaam alaykum. Ramadhani karim. Nafunga, alhamdulillahi, ingawa Ustadh anasema mzee kama mimi ana ruhusa. Nimemwambia ruhusa yake naiweka kabatini.

Bi Mbeyu anasema alikutia barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani usitoke. Jumamosi iliyofuata ukampa pakiti ya tende aniletee, bila neno. Tende ni nzuri, nafuturia tatu kila siku. Lakini tende bila barua ni salamu ama ni hasira? Nimeigeuza pakiti pande zote, sikuona maandishi.

Sikulazimishi. Nia yangu ya mwaka ilikuwa kusema, na nimesema. Dua nakuombea kila sala, wewe na dada yako, kwa majina yenu yote mawili kwa pamoja.

Shangazi yako, ukitaka,
Harusi


Dabaso,
Idi Pili, Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Idi Mubarak. Sisi ni wazima, tumeshiba kupita kiasi, na natumai umepata mtu wa kukupikia pilau badala ya kula mkate na chai kama nijuavyo tabia yako.

Nilikukasirikia siku kumi na tisa. Najua idadi kwa sababu nilianza kabla ya Ramadhani, na kila magharibi nilipokaa kufuturu nilijiuliza kama imekwisha, nikakuta bado. Zile tende zilikuwa hasira na salamu pamoja. Nilikuwa sitaki kukuandikia, na sikuweza kukuacha ufuturu bila tende. Lakini jambo moja nataka ulijue: nilikasirika vile, na sikuapa. Maneno yalinifika hapa kooni nikayameza na maji. Naona hilo ndilo lengo langu la kumi na tatu, nalo limetimia kabla halijaandikwa.

Siku ya ishirini niliamka nikakuwazia umekaa na mama, naye kanyamaza. Nikalia, nikaona hasira imepungua. Mimi niliukosa uso wake kwa siku moja. Wewe ulikuwa unakosa sauti yake kwa siku zote zilizobaki.

Kafara niliitoa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nilipika wali wa nazi, maharagwe na kipande cha samaki kwa kila mtu. Bi Mbeyu ndiye aliyenionyesha nyumba, maana yeye anaujua kila mlango wa mtaa na njaa yake. Bibi mmoja aliuliza futari hii ni ya nini, nikamwambia ni ya mdomo wangu. Akasema kwa mdomo wake yeye angelazimika kulisha Malindi nzima.

Jana baada ya sala ya Idi nikaja huku na bakuli langu. Hafswa aliniona kupitia dirisha la jikoni. Akafuta mikono kwenye leso, akainyoosha nje kupokea, kama tulivyozoea. Nami nikabaki nimeshika bakuli. Nikamwambia, "Dada, leo fungua mlango."

Nilisikia sufuria ikianguka, kisha komeo. Niliingia kwa mguu wa kulia kama ulivyosema, halua ikamwagika kizingitini, watoto wakaikimbilia. Tulilia kidogo na kula sana. Nilimwomba radhi, akasema alikwisha kunisamehe tangu bakuli la kwanza, maana mtu aliyekuchukia hakumbuki kwamba unapenda halua yenye lozi.

Nimelala chumba cha mama. Naandika nimekaa juu ya mkeka wenu. Upande wake umekaza, wako umelegea, inaonekana wewe ndiye uliyekuwa unasema watu zaidi.

Barua hii haitaletwa na Bi Mbeyu. Uweis, mume wa Hafswa, ametafuta gari, na kesho asubuhi tunakuja Takaungu sote na sufuria ya pilau. Kwa hivyo ukifika mstari huu, jua tumesimama nje. Hodi yetu hutaisikia, ndiyo maana barua tumeipitisha dirishani. Inuka polepole, usiumize magoti, uje utufungulie mlango.

Wanao,
Widad na Hafswa