Isaka Msengi, Baba Aliyelizuia Gari la Harusi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile, alizeti zikiwa zimechanua kama zilivyo sasa. Figo zilikutesa kwa muda mrefu, na hukupenda tulie mbele yako. Tulikutii kadiri tulivyoweza.

Wengi hapa Iguguno walikujua kwa gereji yako kando ya barabara kuu, na kwa magari ya zamani ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyakatia tamaa. Sisi nyumbani tulikujua pia kwa uji uliopenda kuunywa ukiwa umesimama, na kwa jinsi ulivyoitikia shikamoo ya kila mmoja wetu kwa kumtaja jina, hata tulipokuwa na haraka ya shule.

Siku tunayoisimulia zaidi ni ya harusi ya binti yako Klara. Bwana harusi, Peniel, alileta gari dogo la zamani la mjomba wake, mzee Christopher, limpeleke bibi harusi kanisani Shelui. Lilikuwa limepambwa maua. Klara amevaa shela, wewe umevaa suti. Ukalizunguka kama ilivyokuwa desturi yako, ukaona unyevu upande wa ndani wa tairi la nyuma. Ukaugusa kwa kidole, ukanusa. Yalikuwa mafuta ya breki.

Mzee Christopher alisema gari kuukuu halikosi kuvuja kidogo, yaongezwe mafuta watu waondoke. Wageni nao wakaanza kunung'unika. Uliwasikiliza wote, kisha ukavua koti ukampa Mama.

"Mwanangu hateremki mlima Sekenke kwa breki hii," ulisema. "Mchungaji atatusubiri."

Ukaingia chini ya gari. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu pale inapopinda juu ya ekseli, na nati yake imekwisha meno. Walikushauri uifunge kwa mpira, ukakataa. Ulikata paipu mpya, ukaikunja taratibu isibonyee, ukapanua mdomo wake na kuikaza kwa nati mpya. Mama, na kitenge chake cha harusi, akakaa kwenye usukani kukusaidia kutoa upepo ndani ya breki. Ukisema kanyaga, anakanyaga. Ukisema shikilia, anashikilia, mpaka mafuta yakatoka bila povu na pedeli ikawa ngumu mguuni. Klara alitazama yote hayo akiwa amekunja shela mkononi. Husema hadi leo kwamba hakuna mahubiri ya ndoa yaliyomwingia kama yale.

Kwenye kona za Sekenke, kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Dereva akakanyaga breki, gari likatii, likasimama. Mzee Christopher alikuwa amekaa mbele, akayaona yote. Pale kanisani alikufuata mbele za watu, akakushika mikono yote miwili.

"Mkwe wangu," alisema, "umetufikisha."

Tangu hapo hamkuachana. Ulipolazwa, ndiye aliyekaa kando ya kitanda chako ili Mama apate kupumzika.

Baba, tuna habari njema. Klara na Peniel wamepata mtoto wa kiume, naye anaitwa Isaka. Winfrida, mdogo wake Klara, amemaliza chuo cha ufundi na amefungua tena gereji. Juzi alikuja dereva kutoka Issuna na pikapu inayovuja mafuta ya breki, akitaka itengenezwe haraka. Winfrida akamwomba akae, Mama akamletea chai, kazi ikaanzia gurudumu la kwanza, yakakaguliwa yote moja baada ya jingine. Alipolijaribu gari na kuridhika, yule dereva akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Baba yangu," alijibu Winfrida. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke, alilitamka neno hilo akitabasamu.

Unakumbukwa na mkeo Evodia, wanao Klara na Winfrida, mkweo Peniel, mjukuu wako Isaka, na rafiki yako mzee Christopher. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Jina lake lihimidiwe.

Siku zote za maisha yetu utakuwa nasi, Baba.