Dalali Aliyeomba Choo

Lorna, dalali wa mahakama ametoka mlangoni kwangu sasa hivi. Ni ile kodi ya halmashauri ninayodaiwa.

Nilizungumza naye kupitia tundu la kuingizia barua mlangoni, bila kufungua. Nikimkaribisha ndani mara moja tu, safari ijayo sheria inamruhusu kuvunja mlango na kubeba piano ya mama.

Akasema, "Basi dada, niruhusu nitumie choo tu. Nimebanwa."

Choo, Lorna! Mtu mzima, beji kifuani, anaomba choo!

Nikamwambia, "Baa ya Trevor iko mtaa wa pili, kaka. Choo chao ni safi."

"Nitarudi."

"Rudi. Mlango utaukuta hivihivi."

Nikachungulia dirishani. Alikuwa anakimbia kweli, amebana magoti.

Hata hivyo nisingefungua.