Kamembe Si Mji wa Kuhamia

Kigali, 4 Februari 2024

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Mukandekezi,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Shemeji Muhigirwa hajambo? Na tumbo linaendeleaje? Usinijibu "vizuri" tu, mimi ni mkunga. Miguu inavimba? Unalala? Mimi sijambo, isipokuwa uchovu wa zamu.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unanikatia kabla sijamaliza sentensi, na Maman alituzoesha barua tangu tulipokuwa Bukavu. Jambo lenyewe ni hili. Hospitali moja ya huko kwenu inatafuta mkunga, na wamenikubali. Natakiwa kuwajibu kabla mwezi huu haujaisha. Huku nina marafiki, nina kwaya yangu, nina chumba kisichovuja. Lakini wewe una mimba, shemeji anashinda kiwandani Bugarama wiki nzima, na sijaisahau ile mimba iliyotoka mwaka juzi. Wewe uliyetangulia kuhama, niambie: mtu anayehamia Kamembe ategemee nini? Ukisema nije, nakuja.

Mdogo wako,
Nishimwe

Gihundwe, Kamembe, 10 Februari 2024

Mdogo wangu Nishimwe,

Barua yako imefika, imekunjwa kama kitambaa cha pua cha dereva. Mimi sijambo. Miguu ni miguu. Shemeji yako anakuja Jumamosi na vumbi la saruji masikioni, Jumapili anaondoka nalo. Wewe pole na zamu.

Unauliza mtu ategemee nini. Kwanza ategemee kutapika. Barabara ya msitu wa Nyungwe utadhani ilichorwa na mtu aliyekuwa akikimbia nyuki. Ukishatapika unafika mahali wanapopaita mji, kwa sababu pana benki na pana uwanja ambapo ndege ikitua watu wanaacha kazi wakaitazame. Maduka yote yanauza mabeseni yaleyale ya plastiki. Usiku ukiingia mji unalala pamoja na kuku, huku ng'ambo ya ziwa taa za Bukavu zinawaka na kutukumbusha tulipokulia.

Halafu kuna watu. Sijafungua hata magodoro, walishajua jina la baba yetu. Nilinunua sukari, mwanamke nisiyemjua akanisimamisha njiani kuniuliza mbona kidogo, au bwana haji wiki hii? Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima ukitoka kwa kazi ya pamoja, nilimtuma mfanyakazi na jembe, maana mimi sikuja hapa kuchimba mitaro. Kwenye mkutano wa baadaye bwana mmoja mwenye kofia ya sufu akasema nyumba ya geti la bluu, yaani yangu, haina wenyewe, ina mfanyakazi tu. Wakacheka sana. Ndiyo mizaha yao hiyo, hawana mingine.

Wa kufungia kazi ni Maman Kamali, nyumba ya mbele yangu. Kila asubuhi anavuka mpaka na beseni la mboga kichwani, akirudi ana habari za nchi mbili. Siku moja aliingia bila hodi, akaweka mezani bakuli la sombe, kisamvu chao, na visamaki vya sambaza, vichwa vyake vyote vikinikodolea macho. Akakaa, akaangalia mapazia yangu, akashika kitambaa kama anayetaka kununua. Sombe yenyewe haikuwa mbaya. Bakuli nililiosha nikalirudisha kesho yake kwa mfanyakazi.

Yaya wako,
Mukandekezi

Kigali, 16 Februari 2024

Yaya mpendwa,

Nimefurahi kusikia hujambo, ingawa "miguu ni miguu" si jibu, niambie kama inavimba. Barua yako niliwasomea wenzangu wodini, tulicheka mpaka mama mmoja mwenye uchungu akacheka nasi.

Ila kuna mahali sikucheka. Lile bakuli ulilirudisha na nini ndani? Usiniambie lilirudi tupu. Maman asingeturuhusu kuvuka barabara na chombo cha jirani kikiwa kitupu, hata kama nyumbani pamebaki konzi ya maharage au parachichi moja. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mtu kwamba mimi na wewe tumemalizana. Unalijua hilo, na yeye analijua.

Na bado hujanijibu. Mabeseni nimeyasikia, kuku nimewasikia. Wenye hospitali wamenipigia tena. Nije au nisije? Andika neno moja tu.

Mdogo wako,
Nishimwe

Gihundwe, 21 Februari 2024

Nishimwe,

Salamu. Mimi mzima, shemeji yako mzima, miguu inavimba jioni, umeridhika?

Bakuli lilirudi tupu, ndiyo, tena kwa makusudi. Mimi sikufungua mgahawa. Ukijaza bakuli leo, kesho analeta jingine, keshokutwa anakaa sebuleni mwako anakuuliza tumbo ni la miezi mingapi na lile la kwanza lilikuwaje. Sitaki. Na limefanya kazi, maana wiki hii sijamwona.

Kuhusu kuja kwako, wewe ni mtu mzima. Umwage Kigali uje kuishi na watu wanaohesabu sukari ya wenzao? Kwaya ya hapa inaimba kwa pua. Nimekueleza mji ulivyo, mwenye akili atajiamulia. Mimi sijawahi kumlilia mtu aje, na sitaanza leo. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, lakini ni kwa sababu ukuta ulikuwa na ukungu.

Yaya wako

Kigali, 28 Februari 2024

Yaya,

Natumaini barua hii inakukuta salama.

Nimezirudia barua zako zote mbili nikilitafuta neno "njoo". Nimeona kuku, mabeseni, pua za wanakwaya na ukungu wa ukutani. Neno lenyewe sikuliona. Mwenye akili nimejiamulia kama ulivyosema, jana nimewajibu kwamba siji. Nafasi wamempa Dusabe, niliyesoma naye. Ana kiburi kidogo, mtaelewana.

Sikufichi, imeniuma. Jitunze, na ukiona dalili yoyote nenda hospitali, usisubiri Jumamosi.

Mdogo wako,
Nishimwe

Gihundwe, 19 Mei 2024

Mdogo wangu Nishimwe,

Salamu nyingi. Najua nimenyamaza, na simu zako sikupokea. Shemeji yako alikwambia mtoto amezaliwa, hakukwambia mengine kwa sababu hakuwepo.

Ilikuwa Jumanne mchana, mvua inapiga mabati, mfanyakazi amekwenda kwao Nyakabuye. Nilikuwa sakafuni jikoni, siwezi kufika kwenye simu. Akaingia Maman Kamali bila hodi, na lile bakuli mkononi, limejaa. Baadaye garini nilimuuliza kwa nini alikuja. Akanijibu hivi: "Bakuli yangu ilirudi tupu, nikasema huyu maman hana nguvu ya kupika. Muntu wa mimba hapashwe kulala njaa. Nilikuwa nangoja tu sombe ipatikane muzuri, nirudi."

Miezi yote ile, Nishimwe. Nilimtukana kwa heshima zote, na yeye akanihurumia. Sijapata kudharauliwa namna hiyo.

Gari lilikuwa la yule bwana wa kofia ya sufu. Hospitali akanipokea Dusabe wako. Kiburi anacho, lakini mikono yake ni mizuri, haina haraka. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, akakifungua kama mtu anayefungua kamba ya kiatu. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninaye mmoja, mkunga, yuko Kigali. Nilimshukuru, na wakati wote ule nilimchukia kwa sababu hakuwa wewe.

Sasa wanawake wa mtaa wanakuja kunihemba, kunipongeza kwa kujifungua. Wanaleta uji na maziwa, wanakaa kutwa nzima, wanasema pua ya mtoto si ya kwetu. Hawana adabu hata mmoja. Wakiondoka nyumba inakuwa kimya, nami nabaki nikisikiliza kama watarudi.

Chumba cha nyuma hakikuwa na ukungu. Nilikipaka rangi siku niliyopata barua yako ya kwanza. Sasa analala humo Maman Kamali, nikimfukuza anajifanya hasikii. Bakuli lake liko juu ya kabati, na mimi sijui nilijaze nini.

Njoo.

Yaya wako,
Mukandekezi