Wimbo wa Mwisho Kwenye Kanda ya Treni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kanda zako mbili za muziki wa kantri bado zinalia, ingawa ile ya treni imeanza kukwaruza.

Mabishano yetu nayakumbuka. Wewe ulishikilia hiyo ya treni, ya mwanamume aliyeondoka kwao: nyimbo zote kumi ni safari moja, ukiruka mmoja umempoteza njiani. Mimi nilikuwa upande wa ile ya mwanamke wa shambani. Kwake kila wimbo una mambo yake, huku harusi, huku ng'ombe kafa, huku jirani mwenye umbea.

"Huyo mama hatoki hata getini," ulisema. "Hadithi gani hiyo?"

Nikakujibu kwamba anayebaki nyumbani ndiye anayeona mengi. Hukukubali hata siku moja.

Kiingereza chako kilikuwa cha kuokoteza, lakini ulitutafsiria kila jioni huku Mama akimenya ndizi. Wimbo wa mwisho wa treni uliumaliza hivi: "Anarudi kwao Desemba." Mama aliridhika. Kaka Eliya alikuwa Mwanza, Desemba ya tatu hajapanda kuja kwetu Rombo, na vihamba vya majirani, migomba na nyumba zao, vyote vilikuwa vimejaa watoto waliorudi.

Nilipokisoma Kiingereza vizuri, niligundua kwamba hakuna Desemba kwenye wimbo ule. Yule mwanamume anafika kwao na kukuta mama yake ameshazikwa. Nilikukasirikia, kisha nikakuelewa, nikanyamaza.

Hii ni Desemba ya pili bila wewe, ya tisa bila Eliya. Juzi Mama aliniomba niiweke kanda ya treni. Ilipofika mwisho akauliza, "Anasemaje?"

"Anarudi Desemba."

"Hiyo ni ya baba yako. Wewe umesoma, mwanangu. Nipe yenyewe."

Nikampa yenyewe, Baba. Nisamehe. Alimenya ndizi kama tatu hivi, kisha akaniambia, "Mpigie kaka yako. Mtafsirie na yeye."

Nilimpigia pale pale, Mama akinitazama. Eliya alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akauliza kama mabasi ya kuja Moshi yameshajaa.

Nilimwambia yanajaa haraka, awahi.

Pumzika, Baba. Mama ameshafagia chumba cha Eliya, na mimi naogopa kutumaini. Akishuka kwenye basi, nitakubali kwamba kanda yako ndiyo bora.

Binti yako mbishi